Chui-milia Usiku, Dubu Mchana: Mwaka Mmoja wa Nondo Arctia caja

Waingereza humwita chui-milia wa bustani. Wajerumani humwita dubu wa kahawia. Wote wanamsema mdudu yuleyule, na hakuna aliyekosea. Jina la chui-milia linamfaa nondo aliyekomaa, mwenye mabawa ya mabaka na michirizi. Jina la dubu linamfaa mtoto wake, kiwavi mnene mwenye manyoya marefu ambaye huonekana akivuka njia mbio mwezi wa Mei. Waingereza wenyewe wakikutana na kiwavi huyo humwacha chui-milia na kumwita dubu wa sufu. Hata wanasayansi waliegemea upande wa dubu. Carl Linnaeus alimwandika mdudu huyu mwaka 1758 na kumpa jina la caja, na mwaka 1802 Franz von Paula Schrank akaunda jenasi ya Arctia, kutokana na neno la Kigiriki arktos, maana yake dubu. Jina kamili likawa Arctia caja.

Nimeanza na majina kwa sababu ugumu wote wa kumwelewa nondo huyu umejificha humo. Anayemsoma juu juu hukutana na mambo matatu yasiyoingia akilini. Kwanza, huyu ni mdudu wa usiku wa manane, lakini amevaa rangi ambazo gizani hazionekani. Pili, kiwavi wake anaweza kula mimea yenye sumu ya kusimamisha moyo wa mtu, na bado akanawiri. Tatu, hupita majira yote ya baridi akiwa kiwavi mdogo asiye na hata kifukofuko cha kujisitiri, ilhali anapungua kwa kasi mahali ambapo baridi yenyewe imepungua. Mafundo haya matatu hufunguka ukiacha kumwona kama mnyama mmoja. Ndani ya mwaka mmoja Arctia caja huwa yai, kiwavi, bundo na nondo, na kila hatua ina maadui wake na silaha zake.

Anavyoonekana

Mabawa ya mbele ni ya kahawia iliyokolea, na juu yake umetandazwa wavu wa mistari mipana myeupe inayopinda na kukutana, mithili ya mito kwenye ramani. Akitulia, mabawa hayo hufunika mwili kama paa la nyumba na huoni rangi nyingine yoyote. Moto umefichwa chini. Mabawa ya nyuma yana rangi ya machungwa inayoelekea wekundu, na juu yake madoa makubwa ya mviringo, meusi yenye mng'ao wa buluu. Tumbo nalo ni la rangi hiyohiyo ya moto, na mgongoni limekatwa kwa mistari mifupi myeusi. Kifua kimevikwa manyoya mazito ya kahawia, na nyuma tu ya kichwa pana ukingo mwembamba mwekundu kama ukosi wa shati. Ukosi huo si pambo, na kazi yake tutaiona baadaye.

Mabawa yakitandazwa, upana kutoka ncha hadi ncha ni milimita 45 hadi 65 hivi, na kwa kawaida jike ni mkubwa kuliko dume. Ukitaka kuwatofautisha, tazama vipapasio: vya dume vina vitawi kama meno ya kitana, vya jike ni vyembamba. Vitawi hivyo ni pua ya dume, kwa sababu jike humwita kwa harufu.

Hayo ni maelezo ya nondo wa wastani, na kwa spishi hii wa wastani ni mgumu kumpata. Ni nadra kuona wawili wanaolingana kabisa. Wako ambao weupe umeimeza kahawia, wako ambao kahawia imefunika karibu bawa zima, na wako ambao mabawa yao ya nyuma ni ya njano badala ya mekundu. Katika karne ya 19 wakusanyaji wa wadudu nchini Uingereza walifuga viwavi wake kwa wingi mno, wakitumaini kwamba mmoja kati yao angetoka na umbo ambalo hakuna mwingine aliyewahi kuwa nalo kwenye sanduku lake la kioo.

Sehemu ya tofauti hizo ni ya urithi, na sehemu nyingine huletwa na hali ya hewa wakati mdudu yuko katika hatua ya bundo, ile ya kati ya kiwavi na nondo. Jambo hili liliwahi kuzua mjadala mkubwa. Mwaka 1901 Emil Fischer, aliyekuwa akifanya kazi Zürich, alitoa matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa kuweka mabundo ya Arctia caja kwenye baridi ya nyuzi 8 chini ya sifuri. Baadhi ya nondo waliotoka walikuwa na weusi usio wa kawaida, na baadhi ya watoto wao, ingawa walilelewa bila baridi hiyo, walionyesha dalili za weusi uleule. Waliotaka kuamini kwamba mwili ukibadilishwa na mazingira badiliko hilo hurithiwa waliushika ushahidi huu kwa mikono miwili. Lakini yako maelezo rahisi zaidi, nami naona ndiyo yenye nguvu: waliogeuka weusi kwa urahisi kwenye baridi ni wale ambao tayari walikuwa na urithi unaoelekea huko, na urithi huohuo ndio waliowapa watoto. Baridi iliufichua tu.

Kwa upande wa ukoo, Arctia caja ni mmoja wa nondo wa nusufamilia Arctiinae, yenye spishi kama 11,000 duniani kote. Zamani kundi hili lilihesabiwa kuwa familia kamili, Arctiidae. Sasa limewekwa ndani ya familia kubwa ya Erebidae. Anayesoma vitabu vya zamani na vipya kwa pamoja asishangae kukuta majina mawili.

Anakoishi

Spishi hii moja imeuzunguka upande wa kaskazini wa dunia. Yuko karibu Ulaya nzima, kuanzia Ireland na Uingereza hadi Skandinavia. Anaendelea mashariki kupitia Urusi na Siberia hadi Japani, kisha ng'ambo ya Pasifiki anapatikana tena Kanada na sehemu za kaskazini na za milima za Marekani. Ni mdudu wa nchi za baridi na za vuguvugu, na kadiri unavyoshuka kusini ndivyo anavyokimbilia milimani.

Hachagui sana mahali. Utamkuta kwenye malisho yenye unyevu, kando ya mito, pembezoni mwa misitu, kwenye vilima vya mchanga vya pwani, na kwenye bustani ambazo hazikufyekwa mno. Siri ya kuenea huku ni tumbo la kiwavi. Viwavi wengi wa nondo na vipepeo wamefungwa kwenye mmea mmoja au jamii moja ya mimea. Mmea usipokuwepo, nao hawapo. Kiwavi wa Arctia caja hula karibu kila jani la chini linalomjia mbele: Urtica yenye majani yanayowasha, Rumex, Plantago, dandelioni, na mengine mengi ambayo watu huyaita magugu. Mimea hiyo ndiyo inayoota penye udongo uliovurugwa na penye mkono wa binadamu, ndiyo maana nondo huyu alijipatia jina la bustani.

Mwaka wake

Nondo hutoka Julai na Agosti. Ulimi wake umedumaa, kwa hiyo hali chochote. Nguvu zote za kuruka, kutafutana na kutaga ni akiba iliyowekwa na kiwavi miezi iliyotangulia. Jambo hili tulishike vizuri, kwa maana ndilo linalofafanua sumu yake. Mdomo pekee wa kuhesabika katika maisha yote ya Arctia caja ni ule wa kiwavi, na chochote nondo alichonacho mwilini, kiwe mafuta, rangi au kinga, kilikuwa cha kiwavi au kimetengenezwa kutokana na alichokula kiwavi.

Jike hutulia kwenye majani na kuachia harufu. Dume huifuata kwa vile vipapasio vyake. Wakishapandana, jike hutaga mayai upande wa chini wa majani, yamepangwa bega kwa bega katika tabaka moja, madogo, ya mviringo na ya rangi hafifu. Jike mmoja hutaga mamia. Wingi huo una sababu ya kusikitisha, kwamba wengi sana hawatafika mwisho wa safari.

Baada ya wiki moja au mbili viwavi huanguliwa. Hula, hujivua ngozi, hula tena, lakini hawana haraka. Majira ya baridi yakikaribia, kiwavi bado ni mdogo mno, naye hujiingiza chini kabisa, kwenye mashina na majani makavu yaliyolala ardhini, kisha huingia katika ubwete, ule usingizi wa baridi ambao ndani yake mwili unafanya kazi kidogo kabisa ili usife. Anakaa hivyo miezi kadhaa, bila kula. Hajafuma kifukofuko wala kuchimba shimo. Kinga yake ni ngozi, manyoya machache na utulivu.

Jua la machipuko likianza kupata nguvu, anaamka, na kuanzia hapo ni kiwavi mwingine kabisa. Anakula kwa bidii, anajivua ngozi mara kwa mara, na kila ngozi mpya ina manyoya mengi kuliko iliyotangulia. Kufikia Mei na Juni amefika urefu wa sentimita 6 hivi: mgongo mweusi uliofunikwa kwa manyoya marefu yenye ncha za kijivu-nyeupe, ubavuni na shingoni manyoya ya rangi ya kutu, na safu ya vidoti vyeupe kila upande. Huu ndio wakati wa dubu. Hutembea mchana kweupe, tena kwa kasi ya kushangaza kwa kiwavi, na ukimgusa hujikunja duara, manyoya yote nje.

Manyoya hayo huwasha ngozi ya watu wengi, kama viwavi wengine ambao Waswahili huwaita washawasha. Ndege wengi hawamtaki, ila kekeo wa Ulaya, Cuculus canorus, hula viwavi wa manyoya bila taabu. Manyoya hujishika kwenye ukuta wa ndani wa firigisi yake, na ndege huyo huutapika utando huo pamoja na manyoya yake. Wachache sana miongoni mwa ndege wana mwili ulioandaliwa hivyo.

Wako pia maadui wasiojali manyoya. Wapo nzi na nyigu wanaotaga juu au ndani ya mwili wa kiwavi, na watoto wao hukua wakimla kutoka ndani huku akiendelea kutembea na kula kama kawaida. Kikulacho ki nguoni mwako: kwa kiwavi aliyevaa koti zito namna hii, methali hiyo ni habari ya kweli tupu. Wafugaji wanaokusanya viwavi wakubwa porini mwezi wa Juni wanajua kwamba kutoka kwenye baadhi yao hatatoka nondo, watatoka nzi.

Aliyenusurika hufuma kifukofuko cha hariri karibu na ardhi, akichanganya humo manyoya yake mwenyewe, hata mahali pa kulala panawasha. Ndani yake huwa bundo jeusi linalong'aa, na wiki tatu au nne baadaye nondo hutoka. Mzunguko umetimia: kizazi kimoja kwa mwaka, na sehemu kubwa kabisa ya mwaka huo imepita akiwa kiwavi. Tunamwita nondo, lakini unondo kwake ni wiki chache tu.

Sumu ya kuazima na sumu ya nyumbani

Miongoni mwa mimea ambayo kiwavi huyu anaweza kuila iko Senecio, yenye alkaloidi zinazoharibu ini la ng'ombe na farasi, na Digitalis, ambayo kemikali zake huugusa moyo moja kwa moja na ndizo zilizozaa dawa za moyo zinazotumika hadi leo. Kiwavi hali tu na kupona. Anaihifadhi sumu hiyo, na kuipitisha kwa bundo hadi kwa nondo.

Anawezaje? Kisa cha alkaloidi za Senecio ndicho kinachoeleweka vizuri zaidi, na ni kizuri kiasi kwamba kinastahili kufuatwa hatua kwa hatua. Mmea wenyewe huitunza alkaloidi ikiwa imeunganishwa na chembe ya oksijeni, na katika hali hiyo haina madhara makubwa. Mnyama akiila, tumbo lake huiondoa ile oksijeni. Alkaloidi sasa inapenya kwa urahisi kuingia kwenye damu, na vimeng'enya vya mwili wa mnyama, vilivyokusudiwa kusafisha takataka, huigeuza kuwa kitu kinachoshambulia seli. Mnyama huuawa na mfumo wake mwenyewe wa usafi. Viwavi wa ukoo huu wana kimeng'enya cha ziada kwenye damu ambacho huirudishia alkaloidi ile oksijeni yake mara inapoingia. Sumu inafungwa tena na kuwekwa ghalani. Uzuri wa mpango huu ni kwamba akija adui akamla kiwavi au nondo, tumbo la adui litaiondoa oksijeni upya, na sumu iliyokuwa imelala itaamka ndani ya mlaji.

Mtafiti aliyelifuatilia jambo hili kwa miaka mingi kwa spishi hii hasa ni Miriam Rothschild wa Uingereza. Pamoja na wenzake alionyesha mwaka 1960 kwamba Arctia caja ana pia sumu isiyotoka kwenye majani: kemikali za jamii ya kolini, zinazofanana na ile ambayo mishipa ya fahamu hutumia kuiamuru misuli ikaze, na kwa hiyo zinaweza kuivuruga amri hiyo. Hapa ndipo ule ukosi mwekundu unapoingia. Nyuma ya kichwa cha nondo, pale penye ukingo ule, pana tezi mbili, na akishikwa hutoa matone ya majimaji yenye sumu hiyo. Rangi nyekundu ni kibao kilichowekwa mlangoni mwa ghala.

Mwaka 1977 Rothschild na wenzake wawili waliandika katika jarida la Nature kuhusu jaribio la kuwalisha viwavi wa Arctia caja majani ya bangi, na kuwalisha vilevile panzi wa Afrika aitwaye Zonocerus elegans. Wadudu wote wawili waliziweka kemikali za bangi mwilini. Bangi si chakula cha kawaida cha kiwavi huyu huko anakoishi. Hilo linatuonyesha jinsi mwili wake ulivyo tayari kuhifadhi kemikali ya mmea hata asiokuwa na mazoea nao. Usione vyaelea, vimeundwa.

Linafuata jambo ambalo wengi huliruka. Kwa kuwa kiwavi anakula kila kitu, si kila Arctia caja ana sumu sawa. Aliyekulia kwenye Senecio na aliyekulia kwenye dandelioni wanavaa nguo moja, lakini ghala zao hazifanani. Ndege aliyeonja mmoja mkali hujifunza kuwaacha wote. Asiye na alkaloidi anafaidi jina baya lililojengwa na ndugu zake, ingawa naye anazo zile kemikali za kolini za nyumbani.

Rangi kwa ndege, sauti kwa popo

Sasa turudi kwenye fumbo la kwanza, mdudu wa gizani mwenye rangi za mchana. Kosa letu ni kumtafuta adui wa rangi hizo usiku. Nondo huruka usiku, lakini mchana kutwa amelala kwenye mimea, na mchana ndio saa ya ndege. Rangi ni kwa ajili ya saa hizo.

Tena zinafanya kazi kwa zamu. Akiwa ametulia, ule wavu mweupe juu ya kahawia huvunja umbo la mwili, hata jicho lisijue mdudu anaanzia wapi na kuishia wapi kati ya majani na vivuli. Huo ni ulinzi wa kujificha. Ndege akimgundua na kumdonoa, nondo hufungua mabawa ya mbele kwa ghafla, na yale mekundu yenye madoa meusi hulipuka mbele ya macho. Ndege husita, na kusita kwa nusu sekunde kunatosha. Akiendelea, matone ya shingoni yanamngoja. Nondo huyu anaweza hata kutoa mlio wa kukwaruza unaosikika kwa sikio la mtu. Rothschild na P. T. Haskell waliueleza mwaka 1966.

Usiku mambo hubadilika. Popo haoni wekundu. Anawinda kwa kupiga sauti za juu kuliko uwezo wa masikio yetu na kusikiliza mwangwi. Dhidi yake nondo wa kundi hili wana masikio, moja kila upande wa kifua, na kila sikio lina seli mbili tu za kusikia. Mbili tu, lakini zinatosha kumjulisha kwamba popo yuko hewani na kama anakaribia. Spishi nyingi za Arctiinae pia hujibu. Zina vibamba vidogo vya ngozi ngumu kifuani ambavyo vikibonyea na kurudi hutoa milio mifupi ya haraka, ya juu kama ya popo mwenyewe.

Milio hiyo inamwambia popo nini? Mwaka 1965 Dorothy Dunning na Kenneth Roeder walitumia popo waliozoezwa kudaka mabuu yaliyorushwa hewani. Popo alipokuwa anakaribia buu, walimpigia sauti iliyorekodiwa ya nondo chui-milia, na mara nyingi popo aligeuka na kuliacha buu lililokuwa salama kabisa. Maelezo mengine yameongezeka tangu hapo, na kwa maoni yangu ni kosa kulazimisha jibu moja kwa spishi 11,000. Kwa wengine mlio ni onyo la sumu, sawasawa na rangi nyekundu mchana. Kwa wengine ni wa kumshtua popo asiye na uzoefu. Na kwa Bertholdia trigona wa Amerika, Aaron Corcoran, Jesse Barber na William Conner walithibitisha mwaka 2009 kwamba milio yake, inayofika hadi 4,500 kwa sekunde, huuvuruga mwangwi wa popo hata ashindwe kujua windo liko umbali gani.

Kinachonivutia zaidi ni utafiti wa John Ratcliffe na Marie Nydam wa mwaka 2008, uliolinganisha spishi kadhaa za nondo hawa Kanada. Spishi zinazokomaa mapema, wakati ndege wanawinda kwa wingi na popo bado ni wachache, zimeegemea rangi. Zinazokomaa baadaye, popo wakiwa wengi, zimeegemea sauti. Yaani kalenda ya adui ndiyo inayoamua lugha ya onyo.

Baridi ikipungua

Limebaki fumbo la mwisho, na hili lina uchungu. Tangu mwaka 1968 kituo cha utafiti cha Rothamsted nchini Uingereza kimeendesha mtandao wa mitego ya taa nchi nzima, ambapo nondo wa kila usiku huhesabiwa. Ni moja ya kumbukumbu ndefu kabisa za wadudu duniani. Kelvin Conrad, Ian Woiwod na Joe Perry walipozichambua hesabu za Arctia caja mwaka 2002, walikuta kwamba baada ya mwaka 1984 idadi ilianguka kwa ghafla na haikurudi ilipokuwa. Kwa muda wote tangu mitego ianze, hasara ni karibu asilimia 90. Mdudu ambaye watoto wa Uingereza walikuwa wakimfuga kwenye makopo sasa amewekwa kwenye orodha ya spishi zinazohitaji kuangaliwa.

Walipolinganisha hesabu hizo na hali ya hewa, miaka mibaya ilifuata majira ya baridi yenye joto na mvua nyingi. Kwa wengi wetu hilo linashangaza, maana tumezoea kudhani kwamba baridi ndiyo inayoua wadudu. Lakini mkumbuke kiwavi wetu aliyelala chini ya majani. Katika baridi ya kudumu mwili wake unatumia akiba kidogo kidogo, na baridi hiyohiyo inawazuia kuvu na bakteria. Joto likipanda Januari, mwili unaanza kuchoma akiba wakati majani ya kula bado ni haba. Mvua ikiongezeka, majani makavu aliyojificha humo yanalowa, na mahali penye unyevu na vuguvugu ndipo kuvu wa magonjwa wanapostawi.

Na kuna jambo la hesabu linaloifanya hatari hii kuwa kubwa kuliko inavyoonekana. Kwa sababu ya kile kizazi kimoja kwa mwaka, mwezi wa Januari hakuna nondo hata mmoja anayeruka porini, hakuna yai wala bundo. Arctia caja wote, kuanzia Ireland hadi Japani, ni viwavi waliolala. Mdudu mwenye vizazi viwili au vitatu anaweza kufidia hasara kabla mwaka haujaisha. Huyu hana nafasi hiyo hadi Julai.

Hali ya hewa haifanyi kazi peke yake. Dawa za kuua magugu huondoa chakula cha kiwavi, na taa za usiku huwavuta madume mbali na majike. Usafi wa bustani wa majira ya vuli, ambao kwa macho ya mwenye bustani ni kazi njema, huokota na kuchoma yale majani makavu ambamo viwavi wameshaingia. Hilo la mwisho ndilo lililo mikononi mwa mtu mmoja mmoja, na ndilo ninalolisisitiza kwa yeyote mwenye kipande cha ardhi huko anakoishi nondo huyu: acha pembe moja bila kufyeka hadi machipuko.

Mtu akisema basi ni joto tu linalowamaliza, amwangalie binamu yake, Euplagia quadripunctaria, nondo mwenye milia halisi ya krimu juu ya weusi. Naye hupita baridi akiwa kiwavi mdogo. Lakini asili yake ni kusini, ambako majira ya baridi ni mapole, na katika miaka hiyohiyo ambayo Arctia caja amekuwa akipotea kusini mwa Uingereza, yeye amepanda kutoka pwani ya kusini na tangu miaka ya 2000 anazaliana London, katika bustani ambazo zamani zilikuwa za dubu wa sufu.